Kiti Kilichogeuzwa Ukutani

Nilipopata nafasi ya kwenda kusoma Roma mwaka mmoja, mtaa wetu mzima hapa Bukavu ulijua kwamba nakwenda kuwa mtawa. Kwetu mtu haendi Roma hivi hivi. Ukienda Kampala umekwenda kununua vitu, ukienda Kinshasa umekwenda kutafuta kazi, ukienda Roma ni Mungu amekuita. Nilieleza mpaka mate yakanikauka. Nakwenda kusoma historia, nilisema, nakwenda kuangalia namna wakubwa wa zamani wa mji ule walivyotumia picha, sanamu, ngazi na dari ili kila anayeingia nyumbani kwao ajue nani mkubwa. Jirani yetu, mama mmoja wa chama cha rozari, alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono, akasema nisione haya, wito ni wito. Akanipa mfuko mzima wa rozari nizipeleke kubarikiwa.

Papa, yaani baba yangu mzazi, peke yake ndiye aliyenielewa, na hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Papa alikuwa prefe, yaani mkuu wa shule ya sekondari, kwanza kule Lwiro, kisha hapa mjini mpaka alipostaafu. Ni mtu mfupi, mwembamba, na katika maisha yake yote sijamsikia akipiga kelele. Watoto wakifanya fujo darasani, yeye alishusha sauti. Wakizidi, alizidi kushusha, mpaka darasa zima limeinama mbele, kimya, likitafuta huyu muzee anasema nini. Asubuhi akitokea mlangoni, madawati yalikwaruza sakafu kwa pamoja na kila mtu alikuwa wima. Nilisoma shuleni kwake, nilisimama kama wengine, na nilikuwa naogopa kama wengine ingawa asubuhi ileile nilimwona akitafuta soksi.

Alipostaafu, sauti ile ya madawati ilikatika mara moja. Nyumbani hakuna anayesimama, kila mtu ana kazi yake. Na katika mikutano ya ukoo wakaanza kumngoja tonton, mdogo wake, mfanyabiashara wa Kadutu mwenye malori yanayoshuka mpaka bondeni. Tonton si mtu mbaya, nisimsingizie. Ni mkubwa tu: mwili mkubwa, sauti kubwa, simu kubwa. Akiingia mahali, hewa inapungua. Watu walianza kumsogezea kiti kizuri, na Papa akaanza kukaa pembeni na wale wanaoulizwa afya zao.

Wiki yangu ya kwanza Roma, Papa alinipigia simu kuuliza tumesoma nini. Nilimweleza juu ya ngazi. Profesa wetu, mama mmoja mwembamba anayevaa skafu kubwa kuliko yeye, alikuwa ametupandisha kwenye jumba moja la kale lenye ngazi pana sana, za kupanda polepole. Alisema zilijengwa vile makusudi, ili mwenye nyumba apande bila kuhema, na mgeni apate muda wa kutosha wa kujiona mdogo kabla hajafika juu. Papa akasema, kwa ile sauti yake ya chini:

“Tangu nilitoka ku masomo, nikiingia mu nyumba hakuna mutu anasimama. Bale ba kwenu kule, balifanyaka namna gani juu batu basimame?”

Moyo uliniuma. Papa hakuwahi kuniomba kitu, na sasa aliniomba dawa ya kufanya watu wasimame. Ningekuwa na akili ningemwambia ni habari za zamani, watu wale walishakufa, aende akaangalie bustani yake. Lakini mimi na huruma yangu ya kijinga nikaanza kumtumia somo kila Jumapili, kwa ujumbe wa sauti, kama redio ya parokia.

Nilimtumia somo la dari zilizochorwa mababu wa mwenye nyumba wakielea mawinguni, mpaka mgeni anaumwa shingo. Nilimtumia somo la picha, namna mchoraji anavyomwekea bwana mfupi meza fupi ili aonekane mrefu. Somo hili alilisikiliza mara nyingi, Maman aliniambia. Halafu, kwa bahati mbaya ya familia yetu, nikamtumia somo la kiti.

Katika majumba yale ya Roma kulikuwa na chumba kimoja chenye kiti kikubwa juu ya jukwaa, na kitambaa chekundu kimetundikwa juu yake. Siku za kawaida kiti kiligeuzwa, kikatazama ukuta, ili mtu yeyote asije akakikalia. Kilikuwa kinamngoja Baba Mtakatifu, siku atakapopenda kupita kusalimia. Kiti hakikuwa cha mwenye nyumba, ndivyo Profesa alivyosema, kilikuwa cha mgeni. Haya yote nilimwambia Papa. Ujumbe ninao mpaka leo kwenye simu, kila neno linasikika. Lakini mtu mwenye njaa ukimweleza habari za harusi, anasikia nyama tu.

Habari zilizofuata nilizipata kwa Maman. Maman hapendi kuandika, yeye hutuma sauti akiwa jikoni, kwa hiyo ugomvi wao niliusikia pamoja na mafuta yakikaangwa. Alisema Papa amemleta seremala kutoka Kadutu, wamejifungia salon, yaani sebuleni, wamepiga nyundo mchana kutwa, na sasa fotei ya Papa, kile kiti chake kikubwa cha kuegemea, imepanda juu ya jukwaa la mbao lililofunikwa zulia ili lisionekane. Lakini lilionekana. Papa akikaa, miguu haikugusa chini. Wiki iliyofuata alitundika pazia jekundu lenye nyuzi za dhahabu, alilolipata sokoni kwenye nguo za mitumba, juu ya fimbo iliyopigiliwa ukutani. Wiki iliyofuata tena, akaanza kukigeuza kiti kila anapotoka, kikawa kinatazama ukuta.

Hapo jirani wa rozari aliingia kuleta sambaza, vile visamaki vya ziwani, akaona kiti cha muzee kimegeuzwa, kitambaa kimening'inia juu yake, na nyumba kimya. Aliweka sahani chini akaanza kulia. Alilia mpaka barabarani. Papa aliporudi kutoka kwa kinyozi alikuta watu wanaleta viti vya matanga.

“Kuja uchukue baba yako,” Maman alinitumia, na mafuta yakaitikia.

Tonton naye hakukubali kushindwa. Alikuja Jumapili kama kawaida, akakaa kwenye sofa yetu ambayo springi zake zilikufa zamani, akajikuta yuko chini kama mtu aliyekaa kwenye beseni, na kaka yake yuko juu kama padri kwenye mimbari. Alizungumza mchana wote kidevu kikiwa juu. Jumapili iliyofuata alikuja na mto wa kukalia kutoka kwenye gari. Ile nyingine, mito miwili. Maman alisema wakiendelea hivi watatoboa bati.

Nilirudi Bukavu mwaka ulipoisha, na mfuko wa rozari zilizobarikiwa, na kazi yangu ya kuandika ikiwa nusu. Roma nilikuwa nimeona viti vya kila aina vyenye simba na malaika, lakini niliposimama katika salon yetu mbele ya fotei ile, na kitambaa chake cha kuegemeza kichwa alichokifuma Maman kwa sindano ya krosheti, niligusa jukwaa kwa ncha ya kiatu. Papa alikuwa ananitazama kama mwanafunzi anayengoja alama. Nikamwambia ni vizuri. Ungemwambia nini?

Nilikuta pia kwamba siku ya mahari ya mdogo wangu imekaribia. Mchumba wake ni kijana wa Sange, kule kwenye bonde la Ruzizi, na wazee wake wangekuja kuzungumza. Papa alinieleza mpango wake akiwa ameshika kiwiko changu. Wageni wataingia, watakaa. Yeye atakuwa chumbani. Watu wote wakishatulia, mimi nitakohoa mara mbili. Ndipo mlango utafunguliwa, naye atatoka polepole, bila haraka ya mtu wa njaa, atakigeuza kiti mbele ya macho ya wote. Na watu watasimama. Hakuniambia “labda”. Macho yake yalikuwa yanang'aa, na mimi nilitaka jambo lile litokee kuliko nilivyotaka kumaliza masomo yangu.

Tulifanya majaribio. Mimi na mdogo wangu tulikuwa wageni, tulisimama vizuri, ingawa mdogo wangu alicheka akapoteza alama. Maman aliitwa naye awe mgeni. Akasema maharage yake yako motoni, na kwamba yeye alishasimama katika nyumba hii miaka yote, anayetaka kumwona amesimama aende jikoni.

Sasa, kitu kimoja tulikisahau, mimi na elimu yangu na Papa na akili zake zote. Kwetu hakuna sherehe bila protokole, yaani mtu aliyevaa utepe kifuani, anayeamua nani akae wapi. Siku ile utepe aliuvaa tantine, dada yao Papa na tonton. Tantine akishavaa utepe hana ndugu. Aliwahi kumwondoa diwani kwenye meza ya mbele kwa sababu alikuja amechelewa, diwani akaomba radhi.

Wageni walichelewa, barabara ile mbovu ya bondeni kila mtu anaijua. Walipofika walikuwa wengi kuliko tulivyotegemea, na katikati yao walimshika mkono bibi wa bwana harusi, mama mzee sana, mwenye kitenge cha joto la bondeni. Bukavu siku ile ilikuwa na mvua na baridi yake. Bibi alikuwa anatetemeka. Tantine alitupa jicho moja kwenye salon. Akaona sofa mbovu, akaona mabenchi tuliyoazima parokiani, akaona fotei kubwa juu ya zulia, imewekewa pazia, imegeuzwa ili mtu asiichafue kabla ya mgeni wa heshima kufika. Kwa nini afikirie kitu kingine? Aliigeuza kwa mkono mmoja, akampandisha bibi, akamweka.

Nilisogea, nikamnong'oneza tantine kwamba kile kiti, aa, kile kiti ni cha… Aliniangalia kwanza miguuni, halafu usoni. Nikarudi ukutani.

Bibi alikaa pale juu, miguu ikining'inia, anaona watu wote. Baridi ikamzidi. Akanyoosha mkono, akalivuta lile pazia jekundu, akajifunika mabega, akajizungushia vizuri, nyuzi za dhahabu zikamlalia kichwani. Nakuapia, Roma nzima sikuona mtu aliyeketi vile. Wageni wakaona wamepokelewa kwa heshima isiyo na mfano, na msemaji wao, kaka wa bwana harusi, akafuta macho.

Mimi nilikuwa bado sijakohoa. Niliingia chumbani. Papa alikuwa amesimama nyuma ya mlango, koti limefungwa mpaka juu, viatu vinang'aa.

“Kiti yangu iko na nani?” aliniuliza. Alikuwa amesikia.

Nikamwambia. Bibi wa mkwe, mzee sana, ana baridi. Nilitamani apige kelele, anilaumu mimi, amlaumu tantine, avunje kitu. Papa hawezi kumwondoa mgeni kitini, achilia mbali bibi kizee; hakuna mtu wa kwetu anayeweza. Alifungua kifungo kimoja cha koti, akasema ni sawa, mgeni ni mgeni, akatoka.

Hakuna aliyesimama. Watu wote walikuwa wanamtazama bibi. Papa alipita nyuma ya mabenchi, akitafuta nafasi, akisema pardon, pardon, ndani ya nyumba yake. Sofa ilikuwa imejaa. Mabenchi yamejaa. Maman, aliyekuwa mlangoni mwa jikoni, alitazama, kisha akasukuma kwa mguu kile kigoda chake cha kuchambulia maharage. Papa akakikalia, pale mlangoni, magoti yakafika karibu na masikio. Niliona aibu mpaka nikataka kulia, na nilimchukia tonton aliyekaa mbele kabisa na suti yake mpya, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa upande wetu.

Mazungumzo yakaanza. Upande wa Sange ukasema neno la kwanza, zuri, refu, lenye ng'ombe ndani yake. Watu wakamgeukia tonton. Na tonton, hata angekuwa na malori mia, hawezi kujibu hapo. Kwetu msemaji ni mdomo tu. Kila neno lazima kwanza alipeleke kwa baba wa binti, amsikilize, ndipo arudi kusema. Siku zote baba anakaa kando ya msemaji, na inatosha kumwinamia sikio. Lakini siku hii baba alikuwa mlangoni mwa jikoni, juu ya kigoda.

Tonton aliinuka, akapita katikati ya watu, akafika mbele ya kaka yake. Akajaribu kuinama, haikutosha. Tumbo lilimkataza. Akavuta suruali magotini, akachuchumaa. Mtu mkubwa namna ile, mbele ya wakwe, amechuchumaa kama anayewasha jiko. Papa alimsikiliza, akafikiri, akajibu. Tonton akajivuta juu, akarudi mbele akihema, akalisema jibu. Upande wa Sange ukaongeza neno. Tonton akafumba macho kidogo, akaondoka tena.

Safari ya pili, niliona Papa ameanza kushusha sauti.

Nilimfahamu mara moja, nilikuwa darasani kwake. Alisema kidogo kidogo, na kwa kila neno tonton alisogeza sikio karibu zaidi, mpaka goti moja likafika chini. Salon nzima ikanyamaza. Waliokuwa kwenye mabenchi ya nyuma waliinama mbele. Msemaji wa Sange alinyoosha shingo. Tantine mwenyewe alisimama kwa vidole, utepe wake umekaza. Hata bibi, kutoka juu ya kiti chake, alitoa mkono nje ya pazia akaushika sikioni. Watu wote wakitafuta huyu muzee wa mlangoni anasema nini. Na muzee aliwasikilizisha bila haraka. Alifikiria kila jambo. Jambo la mbuzi mmoja alilifikiria mpaka chai ikapoa, na tonton yuko chini jasho linamtiririka, anasema ndiyo, kaka, ndiyo, kaka.

Maman alikuwa nyuma yake na mwiko mkononi, anazuia kicheko, mabega yanatikisika.

Walikubaliana. Ikabaki sala ya mwisho, ambayo huombwa na baba wa binti akiwa amesimama. Papa aliweka mikono magotini, akajisukuma. Hakuinuka. Alijaribu tena, na mara hii niliona uso wake ukibadilika: magoti yalikuwa yamekufa ganzi, yamekaa chini mno, yamekaa muda mrefu mno, na ni ya mtu mzee. Tonton ndiye aliyeona kwanza. Aliruka, yeye na mwili wake, akamshika mkono. Mkwe akaruka akashika wa pili. Mabenchi ya parokia yakakwaruza sakafu yote kwa pamoja, watu wamesimama, kila mmoja ananyoosha mkono, na bibi naye akateremka na pazia lake, fimbo ikang'oka ukutani ikaja nyuma yake. Wakamwinua muzee.

Alisimama katikati yao, akatazama upande huu, akatazama upande ule. Akafunga kile kifungo cha koti. Ndipo akaomba, kwa sauti ya chini.

Jioni, wageni walipokwisha kuondoka, nilimkuta salon. Fotei ilikuwa haitazami tena ukuta, na Maman amekaa juu yake anakunywa chai, miguu yake nayo haigusi chini. Papa alikuwa kwenye sofa mbovu, nikamkandia magoti kwa mafuta ya moto. Mimi nilijua kwa nini watu wale waliinuka. Yeye pia alijua, magoti ni yake.

“Uliona?” akasema. “Balisimama bote.”

“Bote, Papa.”